Nani ameshinda kwenye ukurasa wa mwisho? Mwongozo wa kusoma maana ya kufaulu katika vitabu vya picha vya watoto

Mwisho wa mwaka wa shule, mji wetu wa Lubumbashi, DR Kongo, una siku yake ya proklamasio, yaani kutangazwa kwa matokeo. Wazazi wanajaa uwanjani, majina yanasomwa kwa kufuata asilimia, wa kwanza anapigiwa makofi, na wale wa mkiani wanajificha nyuma ya migongo ya wenzao. Miaka ikisonga, anayepata Diploma ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari, anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka mabegani na kuzungushwa karitye nzima, yaani mtaa wote, kwa nyimbo. Mtoto anaona poda hiyo na anaelewa kufaulu ni nini bila kuelezwa na mtu.

Ila kuna mwalimu mwingine aliyetangulia, mwenye sauti ndogo zaidi: kitabu cha picha. Kinamfikia mtoto akiwa na miaka minne au mitano, kabla hajajua asilimia ni kitu gani, na kinamjibu maswali mazito: nani anastahili kushinda, kwa njia gani, atapata nini, na nani atakuwepo kumshangilia. Kinajibu hata kama mwandishi wake alitaka kuchekesha tu.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu wa watoto wadogo, kiongozi wa watoto kanisani, au yaya (kaka au dada mkubwa) anayewasomea wadogo zake jioni umeme ukiwepo. Nauweka msimamo wangu wazi mapema. Hakuna kitabu cha picha kisichofundisha kufaulu, na sehemu kubwa ya somo hilo imo kwenye picha kuliko kwenye maneno. Kwa hiyo sikuelekezi vitabu vya kutupa. Nakuelekeza namna ya kuona ndani yake kuna nini, ili unapompa mtoto ujue unampa nini.

Kwanza, jua kitabu kimetoka wapi

Chukua vitabu vyote vya picha ulivyo navyo nyumbani au darasani, hata vile vilivyochanika, uvitandaze sakafuni. Hapa kwetu rundo hilo kwa kawaida huwa na vitabu vya aina nne.

Kuna vitabu vya Kifaransa vilivyotoka Ubelgiji au Ufaransa, vya msaada au vilivyonunuliwa kando ya barabara vikiwa vimetumika. Kuna vya mashirika ya dini, vyenye visa vya Biblia na watoto watiifu. Kuna vitabu vya shule vya kusomea vya darasa la kwanza na la pili, baadhi yake kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya 2006, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha hizo darasani. Na kuna hadithi zilizochukuliwa kwenye intaneti: African Storybook ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa 2014, na StoryWeaver ya India, iliyofuata 2015, zote zina hadithi za Kiswahili ambazo mtu anaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa bure.

Andika kwa penseli nyuma ya kila jalada: kilichapwa wapi, mwaka gani, kwa lugha gani. Usiirukie kazi hii ukidhani ni ya karani. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa Brussels mwenye chumba chake peke yake kina picha ya kufaulu inayotokana na chumba hicho. Mtoto anafunga mlango, anafikiri, anagundua, anatoka ameshinda. Mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayelala na wadogo zake wawili anaweza kuifurahia hadithi hiyo kabisa, lakini ni vizuri wewe msomaji ukumbuke kwamba mlango ule nao ni sehemu ya somo.

Pili, funika maneno

Kabla hujasoma sentensi hata moja, pita kitabu chote kwa macho. Weka karatasi juu ya maandishi kama huwezi kujizuia. Hivi ndivyo mtoto asiyejua kusoma anavyokiona, na yeye ndiye mwenye kitabu.

Angalia ukubwa kwanza. Vitabu vingi vya picha vinavyochapwa kiwandani vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa nane au kumi na sita kwa pamoja. Ndani ya kurasa hizo chache mchoraji hana nafasi ya kupoteza. Anayechorwa mkubwa ndiye mwenye hadithi. Fuatilia kama mhusika mkuu anakua kadiri kitabu kinavyosonga: vitabu vingi humwanza mdogo pembeni ya ukurasa na kummaliza akiwa amejaza kurasa zote mbili zinazotazamana. Hapo, bila neno lolote, mtoto ameambiwa kwamba kufaulu ni kukua mbele za watu.

Angalia pia tunamtazama kutoka wapi. Tukimtazama kutoka chini, miguu yake iko karibu nasi na kichwa kimefika mawinguni, anaonekana ana nguvu. Tukimtazama kutoka juu, anaonekana mnyonge. Kisha mwelekeo: katika vitabu vinavyosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama vya Kiswahili na Kifaransa, mtu anayesonga mbele huchorwa akielekea kulia, upande ambao mkono wako unafungulia ukurasa. Anayegeukia kushoto mara nyingi anarudi nyumbani, anakimbia au amekutana na kizuizi. Kitabu cha Kiarabu kinageuza yote hayo. Si sheria ya serikali, wachoraji huivunja, lakini ukiijua utashangaa inavyokuonyesha kitabu kinawaona akina nani kama "wanaosonga".

Na nyuso. Jeanne Tsai na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti uliolinganisha vitabu vya watoto vilivyouzwa sana Marekani na Taiwan. Walikuta kwamba wahusika wa Marekani walikuwa na tabasamu pana zaidi na furaha ya kuruka-ruka, wakati wa Taiwan walikuwa na utulivu zaidi usoni. Watoto wadogo waliosomewa hadithi ya msisimko nao walielekea kupenda michezo ya msisimko. Sisi huku tuna Kidiaba, aliyekuwa golikipa wa TP Mazembe, klabu ya soka ya Lubumbashi, aliyeruka-ruka uwanjani kwa makalio kila bao lilipoingia, na watoto wa mtaani wakamwiga mpaka kaptura zikatoboka. Lakini tuna pia nkambo (babu au bibi) anayesema kwamba mtu aliyefaulu kweli hapigi kelele. Nyuso zote mbili ni za Lubumbashi. Kwenye rundo lako la vitabu, je, zote mbili zimo?

Tatu, uliza alishinda kwa sababu gani

Sasa ondoa karatasi, soma maneno, na utafute ule ukurasa mmoja ambapo tatizo linatatuliwa. Karibu kila hadithi ya kufaulu ina ukurasa huo, mara nyingi katika robo ya mwisho ya kitabu. Usimame hapo.

Ni nini hasa kilichobadilisha mambo? Mhusika alijaribu tena na tena? Alikuwa na kipaji tangu kuzaliwa? Alitii aliyoambiwa na mkubwa? Aliomba, Mungu akajibu? Alipata bahati? Alisaidiwa? Alitumia ujanja? Hizi ni sababu saba, na katika maisha zinachanganyika, lakini kitabu kwa kawaida huchagua moja na kuimulika.

Hapa ndipo mila zinapotofautiana waziwazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside walilinganisha vitabu vya hadithi vya watoto vya Marekani, China na Mexico, wakaona kwamba vile vya China vilisisitiza zaidi kujifunza kwa bidii na kutokata tamaa mbele ya magumu. Toshie Imada naye, mwaka 2012, alilinganisha hadithi za vitabu vya shule vya Marekani na vya Japani, akakuta za Marekani zinaelekea kwa mtu mmoja anayejisimamia, na za Japani zinaelekea kwa kundi. Mbali zaidi nyuma kuna David McClelland, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyechapa mwaka 1961 kazi kubwa juu ya hadithi za vitabu vya kusomea vya watoto wa nchi nyingi, vya miaka ya 1925 na 1950 hivi. Alihesabu ni mara ngapi mhusika anatamani kufanya jambo kwa ubora, kisha akalinganisha na jinsi uzalishaji wa umeme ulivyokua katika nchi hizo. Alidai hadithi zilitangulia na uchumi ukafuata. Hesabu yake ilibishaniwa sana baadaye, na mimi binafsi siamini kwamba hadithi zinajenga bwawa la umeme. Lakini njia yake ya kushika kitabu cha mtoto na kuhesabu nani anataka nini bado inafaa, na unaweza kuifanya mezani kwako kwa kalamu na kaye (daftari).

Je, sisi? Hadithi zetu za mdomo, zile za Kalulu, sungura anayejulikana kwa Waluba na Wabemba, zinamulika ujanja. Kalulu ni mdogo, hana nguvu, hana mali, na anamshinda tembo kwa kichwa. Mara nyingine anadanganya, na hadithi haioni haya. Vitabu vya shule vinamulika utii na usafi: mtoto mwema anaamka mapema, ananawa, anamsikiliza mwalimu, anafaulu. Vya kanisani vinamulika sala na uaminifu. Kwa hiyo mtoto mmoja wa Kamalondo anaweza kusikia jioni moja kwamba mshindi ni mjanja, kesho yake kwamba mshindi ni mtiifu, na Jumapili kwamba mshindi ni mwenye imani. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni sababu mbili ambazo huwa hazipo kabisa: kusaidiwa bila aibu, na kurudia.

Angalia kurudia. Watoto wangapi hapa wamerudia mwaka? Tangu serikali itangaze elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mtoto aliye nyuma anaonekana kwa shida. Hata hivyo ni nadra kukuta kitabu cha picha ambamo mhusika anarudia darasa na hadithi inaendelea, yeye akiwa bado ndiye mwenye hadithi. Mtoto anayerudia anaingia kitabuni kama mfano mbaya, pembeni, akivuta mkia.

Sababu ya kipaji nayo iangalie kwa jicho kali. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao baada ya kupata jibu walilegea walipopewa maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa jinsi walivyojitahidi. Kitabu kinachosema "alikuwa mwerevu tangu kuzaliwa" kinafanana na sifa ile ya kwanza, na kinasomwa usiku hadi usiku.

Nne, hadithi moja kwa namna tatu

Ili uone tofauti kwa macho, nimetunga hadithi ndogo ya kurasa chache. Mifupa yake ni hii: Numbi, msichana wa miaka saba, ana gari la waya. Kila akilisukuma kwenye mteremko wa njia yao linapinduka. Mwishoni linateremka mpaka chini bila kuanguka.

Namna ya kwanza. Ukurasa wa kwanza, gari limelala, watoto wanacheka kwa mbali, wadogo sana. Ukurasa wa pili, Numbi peke yake chini ya mwembe, amekunja uso. Wa tatu, wa nne na wa tano, anakunja waya, unavunjika, anakunja tena; mwanga unabadilika kutoka asubuhi kwenda jioni, na hakuna mtu mwingine kwenye picha. Wa sita, gari linashuka likielekea kulia. Wa saba, Numbi amejaza ukurasa, mikono juu, tunamtazama kutoka chini. Maneno: "Nimeweza!" Wale waliocheka wamerudi, wanapiga makofi.

Namna ya pili. Ukurasa wa kwanza ni uleule. Wa pili, Numbi amekaa karibu na nkambo wake anayechambua maharagwe. Nkambo haoni gari, anaona uso. Wa tatu, mdogo wake anakuja na kandambili kuukuu ya kukatia magurudumu. Wa nne, nkambo ameshika koleo, Numbi ameshika waya, na mikono minne iko katikati kabisa ya kurasa mbili. Wa tano, mmoja wa wale waliocheka anasema gurudumu la nyuma ni dogo mno. Wa sita, gari linashuka. Wa saba, wote wanne wanaonekana kwa nyuma, wameinama wakitazama gari likienda, na hatuoni uso wa mtu.

Namna ya tatu. Ukurasa wa kwanza uleule. Wa pili, Numbi anatembea njia nzima akiangalia chini. Wa tatu, ameona kwamba maji ya mvua yamechimba mfereji mwembamba upande mmoja. Wa nne, anawaambia waliocheka: "Tushindane. Mimi nitaanzia hapa pembeni, nyie chukueni katikati pazuri." Wa tano, wanakubali huku wanacheka. Wa sita, magari yao yanapinduka kwenye mawe na la kwake linafuata mfereji kama treni kwenye reli. Wa saba, Numbi anatutazama sisi wasomaji, jicho moja limefungwa.

Gari ni lile, mteremko ni ule, mshindi ni yuleyule. Lakini namna ya kwanza inasema kufaulu ni kuvumilia peke yako mpaka waliokudharau wakuone. Ya pili inasema kitu kilichofaulu kina alama za mikono mingi, hata wa mchokozi. Ya tatu ni Kalulu mtupu: tazama kabla ya kusukuma, na kama mwenzako hajatazama, shauri yake. Nimewasomea watoto zote tatu, na ile ya tatu ndiyo wanayoiomba tena. Ile ya pili ndiyo inayozaa maswali. Kwa ile ya kwanza, msichana mmoja aliuliza papo hapo: "Yaya, na mama yake eko wapi?" Sikuwa na picha ya kumwonyesha. Swali lile lina thamani kuliko uchambuzi wangu wote, kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kuona mtoto akishinda chini ya mwembe kutwa nzima bila mtu mzima kupita na kusema neno.

Fanya zoezi hili na kitabu chochote ulicho nacho. Uliza: nikibadilisha ukurasa wa nne tu, somo linageuka vipi? Ukishaona ukurasa unaobeba somo, umekijua kitabu.

Tano, ona hadithi imesimama wapi

Mwaka 2010 TP Mazembe ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Katika nusu fainali iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0. Katika fainali ilifungwa na Inter ya Milan mabao 3 kwa 0.

Fikiria unakitengenezea kitabu cha picha kisa hicho. Ukiweka ukurasa wa mwisho kwenye nusu fainali, umeandika ushindi. Ukimalizia kwenye bao la tatu la Inter, umeandika kisa cha kushindwa kwa heshima, au cha kujipima na wakubwa. Ukimalizia uwanja wa ndege, watu wakiwapokea, umeandika kitu cha tatu: kwamba mji unaweza kumshangilia aliyefungwa. Hakuna uongo katika yote matatu. Mahali unaposimama ndipo unapoamua kufaulu ni nini.

Kwa hiyo chunguza ukurasa wa mwisho wa kila kitabu kwa muda mrefu kuliko kurasa nyingine. Nani yumo? Nani alikuwepo mwanzoni na sasa hayumo? Mshindi amepewa nini: kombe, chakula, kukumbatiwa, fedha, cheo, ruhusa ya kuendelea kucheza? Yuko wapi: nyumbani, jukwaani, au njiani anaondoka?

Hilo la kuondoka lina uzito wake kwetu. Kuna hadithi nyingi za Kiafrika, tena zilizoandikwa kwa nia njema, ambamo mtoto maskini anasoma, anakuwa daktari au rubani, na picha ya mwisho inamwonyesha akiwa na suti au kwenye gari, na nyumba ya zamani iko nyuma, ndogo, rangi ya vumbi. Mtoto anayesomewa anaishi katika nyumba inayofanana na ile ya vumbi. Ameambiwa kwamba kufaulu kunaanza pale anapoiacha. Sisemi tusiwaonyeshe madaktari. Nasema katika rundo la vitabu kumi, vikiwa saba vinamalizikia kwenye suti, kuna mafundi, wakulima, waganga wa mifugo na akina mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambao watoto wetu hawajaambiwa kwamba nao wamefaulu.

Angalia wasichana pia: wanashinda kitu, au wanapongezwa kwa kuwa wazuri na wasaidizi? Na mtoto mwenye ulemavu: ana hamu yake mwenyewe, au yupo ili mwenzake aonyeshe huruma? Maswali haya hayahitaji maelezo marefu. Ukiyauliza mara moja, macho hayatayasahau.

Sita, namna ya kusoma na watoto

Watoto watano au sita kwa kitabu kimoja wanatosha. Wakizidi, walio nyuma wanaona jalada tu na wanaanza kupigana. Keti chini nao, kitabu kiwe usawa wa macho yao, na usimame kabla ya kufungua ukurasa wa utatuzi. Uliza swali moja tu: "Sasa atafanya nini?" Kisha nyamaza.

Majibu yao yatakuonyesha wanaamini nini. Mmoja atasema atamwita baba, mwingine ataiba, mwingine ataomba Mungu, mwingine atalia. Usisahihishe. Fungua ukurasa, waone kitabu kilichagua nini, halafu uliza: "Na wewe ungefanya hivyo?" Katika Kiswahili chao wenyewe waache waseme. Mtoto akisema "Juu ya nini banamucheka?", anauliza swali la haki, na jibu lako lisiwe somo la sarufi.

Kama kitabu ni cha Kifaransa na unakisoma kwa Kiswahili papo hapo, jihadhari na mdomo wako. Watu wazima tuna tabia ya kuongeza mafunzo yasiyokuwemo: "Mnaona? Ndiyo maana nawaambia mjikaze shuleni." Kitabu kilikuwa kinasema juu ya kasa anayependa kulala, na sasa kimekuwa barua ya mkuu wa shule. Soma kilichomo. Mawazo yako yaseme baada ya kufunga jalada, tena yaseme kama mawazo yako.

Baada ya kusoma, wape karatasi wachore ukurasa unaofuata ule wa mwisho. Hakuna zoezi linalofichua zaidi. Baada ya kombe, mtoto mmoja alichora mshindi anakula bukari (ugali) na ndugu zake, na kombe limewekwa juu ya meza kama chombo cha mboga.

Saba, panga rafu, usitafute kitabu kimoja kitakatifu

Wazazi huniomba jina la kitabu "kizuri cha kufundisha mafanikio". Hakipo, na kingekuwepo kingechosha. Kitabu kimoja kina haki ya kumulika ujanja tu au bidii tu. Usawa unautafuta kwenye rafu nzima.

Chukua zile sababu saba za hatua ya tatu, uziandike kwenye karatasi, na uweke alama kwa kila kitabu. Utaona pale palipojaa na palipo patupu. Kwenye rundo nyingi nilizopitia na walimu, utii na kipaji vimejaa, msaada una alama moja au hauna. Jaza penye pengo kwanza. Kwenye African Storybook unaweza kupata hadithi fupi, ukazitazama picha kabla ya kuchapa, na kuchagua kwa kufuata pengo lako badala ya kufuata jalada linalong'aa.

Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa Marekani wa vitabu vya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo, madirisha na milango: kwenye kimoja mtoto anajiona, kwenye kingine anaona wengine. Rafu nyingi za Lubumbashi ni madirisha matupu, tena yote yanatazama kwenye theluji. Kioo inabidi tukitengeneze wenyewe.

Nane, tengeneza chako

Si kazi ngumu kama inavyoonekana. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kijitabu cha kurasa 16. Panga namba kabla ya kuchora: karatasi ya nje upande mmoja ina ukurasa wa 16 kushoto na wa 1 kulia, nyuma yake kuna wa 2 na wa 15. Inayofuata ina 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu ina 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya ndani kabisa ina 10 na 7, kisha 8 na 9. Kurasa za 8 na 9 ndizo pekee ambazo ni karatasi moja bila kukatika katikati, kwa hiyo picha yako kubwa iweke hapo. Ukurasa wa 1 ni jalada la mbele, wa 16 ni jalada la nyuma.

Andika hadithi kwa sentensi moja kwa kila ukurasa, isizidi maneno kumi na tano. Anza na anachotaka mhusika, na kiwe kitu ambacho mtoto wa miaka sita anakitaka kweli. "Kumaliza masomo" ni hamu ya mzazi. Kuvuka mtaro bila kushikwa mkono, kuuza karanga zote kabla ya jua kuzama, kujua kusuka nywele za dada: hizo ni hamu za mtoto.

Kwa michoro, mji huu hauna upungufu wa mikono. Tangu 1946, Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana ya wachoraji walikotokea Pilipili, Bela na Mwenze, Lubumbashi imekuwa mji wa picha, na wachoraji wa mabango ya saluni na maduka bado wanafanya kazi kila mtaa. Mwombe mmoja michoro ya kalamu nyeusi bila rangi: fotokopi inaipenda, na watoto watapaka rangi wenyewe. Mweleze nani awe mkubwa kwenye ukurasa gani na nani abaki mpaka mwisho. Usipomweleza, atakuchorea mshindi mmoja katikati na mikono juu, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuona.

Toa kopi moja tu kwanza, ishone kwa uzi kwenye mkunjo, uwape watoto ambao hawajaisikia hadithi, maneno yakiwa yamefunikwa. Waache wakusimulie. Wakifika mwisho waulize nani alimusaidia. Wakikutajia mtu ambaye hukumkusudia, au wakasema hakuna wakati umechora watatu, basi kosa liko kwenye picha: huenda wasaidizi umewachora wadogo mno, au umewageuzia mgongo, au mkunjo wa katikati umewameza. Chora ukurasa huo upya kabla ya kurudi kwenye fotokopi.